Nani aondoke kwanza? Badme, Panmunjom na jinsi vita vya nchi na nchi vinavyomalizwa mezani

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila vita vinapojadiliwa humu, hoja huishia kwenye nani mchokozi na nani mwenye haki. Swali hilo ni halali, lakini mazungumzo ya kumaliza vita kati ya nchi na nchi yanakwama mara nyingi zaidi kwenye jambo linaloonekana dogo: mpangilio wa hatua. Nani aondoe majeshi kwanza, ayaondoe kutoka wapi, na kipi kitangulie kati ya kunyamazisha bunduki, kurudisha mateka na kumtafuta mkosaji. Watu huliona hilo kuwa kazi ya makarani wa wizara za mambo ya nje, kumbe humo ndimo haki inapopiganiwa kwa mara ya pili, kwa sababu anayetangulia kuondoka huonekana mbele ya watu wake na mbele ya dunia kuwa ndiye aliyekosea.

Nitategemea zaidi vita vya Ethiopia na Eritrea vya 1998 hadi 2000, kwa kuwa ni jirani zetu na kwa kuwa mkataba wao, ukiusoma kwenye karatasi, ni miongoni mwa mikataba iliyoandikwa vizuri sana barani Afrika.

Badme ni mji mdogo katika uwanda mkavu wa magharibi mwa mpaka wa nchi hizo mbili. Hapana mafuta pale, hapana dhahabu wala bandari. Tarehe 6 Mei 1998 askari wa pande mbili walipambana karibu na mji huo na maofisa kadhaa wa Eritrea wakauawa. Tarehe 12 Mei Eritrea ikaingia na vifaru na kuuteka mji uliokuwa chini ya utawala wa Ethiopia. Wapatanishi wa kwanza walikuwa Marekani na Rwanda, wakiongozwa na Susan Rice, aliyesimamia masuala ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na Paul Kagame, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais wa Rwanda. Pendekezo lao lilikuwa rahisi kulieleza: Eritrea irudi ilikokuwa kabla ya tarehe 6 Mei, utawala wa kiraia wa Ethiopia urejee Badme, waangalizi wawekwe, kisha mpaka uchorwe kwa kufuata mikataba ya kikoloni. Ethiopia ikakubali, Eritrea ikakataa.

Tazameni kilichokataliwa. Kwenye suala la mpaka wenyewe pande zote mbili zilikuwa zikisema jambo lile lile, yaani mikataba ya Italia na Mfalme Menelik ya 1900, 1902 na 1908 ndiyo iamue. Eritrea iliamini mikataba hiyo inaipa Badme. Ilichokataa ni kuondoka kwanza, kwa sababu kuondoka kabla ya mpaka kuchorwa kungekuwa sawa na kukiri kwamba iliingia katika ardhi ya mtu. Ethiopia nayo ilikataa kuzungumza huku vifaru vya mwenzake vikiwa pale pale, kwa sababu ingekuwa imekubali kwamba mpaka unaweza kuhamishwa kwa nguvu na mazungumzo yakaanzia hapo. Kila mmoja alikuwa na sababu ya maana, na ndiyo maana vita vile havikuwa wazimu kama magazeti ya wakati ule yalivyopenda kusema.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulichukua upatanishi na mwezi Novemba 1998, kule Ouagadougou, ukatoa Makubaliano ya Msingi yaliyofanana sana na pendekezo la awali. Ethiopia ikakubali tena na Eritrea ikaomba ufafanuzi tena. Mwishoni mwa Februari 1999 jeshi la Ethiopia likavunja mahandaki ya Eritrea na kuitwaa Badme. Siku chache tu baada ya hapo Eritrea ikatangaza kwamba inakubali makubaliano yale yale iliyokuwa imeyasukuma pembeni kwa miezi mitatu. Je, vita viliisha? Havikuisha, kwa maana sasa Ethiopia ndiyo ikawa na maswali. Makubaliano yalitaja mji wa Badme na vitongoji vyake, na Ethiopia ikasema kuondoka kunakotakiwa ni katika maeneo yote yaliyotekwa tangu Mei 1998, ikiwemo Zalambessa katika mpaka wa kati. Zilipoletwa taratibu za kiufundi za utekelezaji mwezi Agosti 1999, Eritrea ilizikubali na Ethiopia hatimaye ikazikataa. Mwaka mzima ukapita hivyo: aliyekuwa na nguvu uwanjani ndiye aliyeomba ufafanuzi, na aliyezidiwa ndiye aliyekuwa na haraka ya kutia saini.

Tarehe 12 Mei 2000 Ethiopia ilianzisha mashambulizi makubwa. Baraza la Usalama likapitisha Azimio namba 1298 la kuzuia silaha kwa nchi zote mbili tarehe 17 Mei, wakati mji wa Barentu, ulio ndani kabisa ya Eritrea, ukiwa karibu kuanguka. Binafsi naona azimio hilo lilikuja likiwa limechelewa kwa miaka miwili, maana maghala ya silaha yalishajaa.

Mkataba wa kusitisha mapigano ulitiwa saini Algiers tarehe 18 Juni 2000, mwenyeji akiwa Rais Abdelaziz Bouteflika wa Algeria. Naomba tusimame kidogo hapa, kwa kuwa ndipo ufundi wa waandishi wake unapoonekana. Waliamua kwamba majeshi ya Umoja wa Mataifa yatangulie kuingia, ndipo Ethiopia irudi hadi maeneo iliyokuwa ikiyatawala kabla ya tarehe 6 Mei 1998. Majeshi ya Eritrea yakae umbali wa kilomita 25 kutoka yaliko ya Ethiopia, na mkataba wenyewe ukaeleza kipimo hicho kuwa ndio masafa ya mzinga. Maana yake, ukanda mzima wa usalama ulikuwa katika upande wa Eritrea. Aliyeshinda vitani alipewa mpangilio anaoutaka. Halafu wakaongeza kifungu kimoja kinachosema kwamba kuondoka huko hakutaathiri uamuzi wa mwisho kuhusu maeneo yanayogombewa. Kwa kifungu hicho aliyeshindwa naye akapata cha kuwaonyesha wananchi wake: nimerudi nyuma, lakini sijakiri kitu.

Mkataba kamili wa amani ulifuata tarehe 12 Desemba 2000, ukatiwa saini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Isaias Afwerki wa Eritrea. Ulitenganisha maswali ambayo kwa miaka miwili yalikuwa yamefungwa pamoja. Tume ya Mipaka yenye wajumbe watano ilipewa kazi ya kuamua mpaka uko wapi, kwa kufuata mikataba ya kikoloni na sheria za kimataifa peke yake, na ikazuiwa waziwazi kuamua kwa kuangalia tu linaloonekana kuwa la haki na usawa. Tume ya Madai ilipewa suala la fidia. Suala la chanzo cha ugomvi likatengewa uchunguzi wake. Uamuzi wa Tume ya Mipaka ungekuwa wa mwisho na wenye kuzifunga pande zote mbili.

Utengano huo ulizaa matokeo ambayo mwanafunzi yeyote wa sheria angependa kuyasoma mara mbili. Tarehe 13 Aprili 2002 Tume ya Mipaka ilitoa uamuzi, na kwa mpaka iliouchora Badme ikaangukia Eritrea. Desemba 2005 Tume ya Madai ikaamua kwamba Eritrea ilivunja Hati ya Umoja wa Mataifa kwa kuishambulia Badme mwezi Mei 1998. Kwa hiyo aliyeingia kwa nguvu aliingia katika mji ambao baadaye uliamuliwa kuwa wake, na bado akahesabiwa mkosaji, kwa sababu mji ule ulikuwa chini ya utawala wa amani wa mwenzake na mipaka haisahihishwi kwa vifaru.

Siku ya uamuzi wa 2002, miji mikuu yote miwili ilidai ushindi. Waziri wa Mambo ya Nje wa Ethiopia, Seyoum Mesfin, aliwatangazia wananchi kwamba Badme imebaki kwao. Maandishi ya uamuzi yalitaja nukta za ramani bila kueleza wazi mji uko upande gani, na ikachukua hadi Machi 2003 Tume kuondoa shaka iliyobaki. Septemba mwaka huo Meles alimwandikia Katibu Mkuu Kofi Annan barua ya kuukosoa vikali uamuzi huo kuwa si halali wala si wa haki. Mwaka 2004 Ethiopia ikasema inaukubali kimsingi, lakini lazima pawe na mazungumzo kabla ya kuweka nguzo za mpaka. Eritrea ikajibu kwamba nguzo kwanza, mazungumzo baadaye. Mpangilio ukarudi mezani, safari hii bila mapigano makubwa, na ukakaa hapo miaka 14. Tume, baada ya kuzuiwa kuweka nguzo ardhini, ilifunga kazi yake 2007 kwa kuorodhesha nukta za mpaka kwenye karatasi. Eritrea, kwa hasira, ilikuwa imezuia helikopta za walinda amani tangu Oktoba 2005 na baadaye ikawabania mafuta, hadi Baraza la Usalama lilipokiondoa kikosi hicho Julai 2008.

Mfano wa pili nitaueleza kwa ufupi zaidi. Katika vita vya Korea, mazungumzo yalianza Kaesong Julai 1951, yakahamia Panmunjom Oktoba mwaka huo. Masuala ya mstari wa kusimamisha majeshi na ya usimamizi yalipatiwa ufumbuzi kwa sehemu kubwa kufikia katikati ya 1952. Kilichobaki kilikuwa mateka: Marekani ilisema hakuna mateka atakayerudishwa kwao kwa lazima, wakati China na Korea Kaskazini zilisema wote warudi. Kwa jambo hilo moja watu waliendelea kufa vilimani hadi Julai 1953. Ufumbuzi ulikuwa wa mpangilio: wanaotaka kurudi warudi mara moja, wasiotaka wakabidhiwe tume ya mataifa yasiyofungamana na upande wowote chini ya uenyekiti wa India, ili wenzao waje wawashawishi mbele ya mashahidi, na baada ya siku kadhaa zilizowekwa waachiwe. Takriban mateka 22,000 walipitia mlango huo. Kila upande ungeweza kusema kwamba haukuachia kanuni yake. Tarehe 27 Julai 1953, saa nne asubuhi, Jenerali William Harrison na Jenerali Nam Il waliketi kwenye meza mbili tofauti, wakatia saini nakala zao kwa dakika chache, wakanyanyuka na kuondoka bila kupeana mikono. Bunduki zilinyamaza saa nne usiku.

Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu mleta uzi, nimeusoma kwa makini na nakushukuru. Hata hivyo nadhani umeipa sheria jukumu dogo mno. Suala la Taba kati ya Misri na Israeli linaonyesha kwamba usuluhishi wa kisheria ukiheshimiwa hufunga mjadala kabisa. Pale palikuwa na kipande kisichozidi sana kilomita moja ya mraba karibu na Ghuba ya Aqaba, chenye hoteli ya kitalii, na ugomvi ulihusu nguzo za mpaka zilisimama wapi hasa, maarufu zaidi ikiwa nguzo namba 91. Jopo la wasuluhishi watano lililoketi Geneva liliamua Septemba 1988, kwa kura nne dhidi ya moja, kwamba Misri iko sahihi. Israeli ilikabidhi eneo hilo Machi 1989, na leo hakuna anayelipigia kelele. Kama Ethiopia ingeheshimu saini yake, uzi huu usingekuwepo.

Mleta uzi

Mkuu wa Nairobi, Taba ni mfano mzuri, na nakubali kwamba saini ni saini. Ila angalia kilichotangulia. Misri na Israeli zilitia saini mkataba wa amani Machi 1979, zikabadilishana mabalozi 1980, na Israeli ikaondoka Sinai yote isipokuwa kipande hicho kufikia Aprili 1982. Taba ilibaki ya mwisho, baada ya kila kitu kikubwa kukamilika, hivyo mwenye kushindwa alipoteza hoteli. Badme iliwekwa mwanzo. Ethiopia na Eritrea zilitakiwa zikabidhiane alama yenyewe ya vita kabla hazijakubaliana kuhusu bandari ya Assab iliyo Eritrea, sarafu, biashara, wala watu waliofukuzwa makwao pande zote mbili. Jopo lilikuwa na mamlaka yale yale, lakini lilipewa kazi katika zamu tofauti.

Mchangiaji, Bukoba

Mleta uzi, sisi wa huku Kagera hatuwezi kuusoma uzi huu tukanyamaza. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera ni sehemu ya Uganda. Daraja likavunjwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, watu wakauawa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulileta wapatanishi, na walichotaka kwanza ni kusitisha mapigano. Mwalimu Nyerere akasema Amin alaaniwe kwanza kwa uvamizi, aache kabisa madai yake juu ya ardhi yetu, na alipe fidia. Umoja haukumlaani. Jeshi letu pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni likaendelea mbele hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Sasa kwa hoja yako, Mwalimu alikosea mpangilio? Maana kwa hesabu za wapatanishi alitakiwa asimamishe vita, akae mezani na mtu aliyetangaza kuwa ardhi yetu ni yake, halafu suala la uvamizi lije baadaye au lisije kabisa. Mimi naona kuna nyakati ambapo kulitaja kosa ndilo jambo la kwanza, na anayelisukuma mwishoni anamsaidia mkosaji.

Mleta uzi

Mzee wangu wa Bukoba, shikamoo. Sisemi kwamba Mwalimu alikosea. Alichofanya kinaonyesha bei ya kuweka lawama mwanzoni: anayesisitiza hivyo lazima awe tayari kufika Kampala kwa miguu, kwa sababu hakuna serikali itakayotia saini karatasi inayoanza kwa kujilaani yenyewe. Tanzania ililipa bei hiyo, na wanaokumbuka foleni za sukari na sabuni za miaka iliyofuata wanaijua, ingawa vita havikuwa sababu pekee. Na vita vile havikumalizwa mezani. Viliisha kwa sababu serikali iliyovianzisha ilitoweka. Kwa hiyo viko nje ya mada yangu, na vinaonyesha mada yangu inaishia wapi.

Mfano wa aliyejaribu kuweka lawama mwanzoni akashindwa kufika mji mkuu wa mwenzake ni Iran. Iraq iliivamia Septemba 1980. Kufikia 1982 Iran ilikuwa imerudisha sehemu kubwa ya ardhi yake na ingeweza kutafuta suluhu, lakini ilitaka mchokozi atajwe na aadhibiwe, ikavuka mpaka. Azimio namba 598 la Baraza la Usalama la Julai 1987 liliweka kusitisha mapigano na kurudi nyuma ya mipaka katika aya ya kwanza, na chombo cha kuchunguza nani aliyeanzisha vita katika aya ya sita. Iran haikulikataa moja kwa moja. Kwa mwaka mzima ilitaka aya ya sita iende mbele au angalau iende sambamba na ya kwanza, na Iraq ikashikilia kwamba aya zitekelezwe kwa namba zilivyofuatana. Julai 1988, baada ya kupoteza rasi ya Faw, iliyokuwa imeiteka kutoka Iraq, na maeneo mengine, Iran ililikubali azimio lilivyo, na Ayatollah Khomeini akawaambia watu wake kwamba kwake ni sawa na kunywa sumu. Mapigano yalisimama tarehe 20 Agosti 1988. Lawama ilikuja Desemba 1991, katika ripoti ya Katibu Mkuu Javier Pérez de Cuéllar, iliyosema kwamba shambulio la Iraq halikuwa na uhalali. Kufikia hapo Iraq ilikuwa imeshaivamia Kuwait na kutimuliwa, na wachache sana waliisoma ripoti hiyo.

Mchangiaji, Bukavu

Ndugu zangu, mimi naandika kutoka Kivu ya Kusini na nitasema kwa kifupi. Mkataba wa Lusaka wa tarehe 10 Julai 1999 ulitiwa saini na nchi sita: Kongo, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Ulikuwa na kalenda nzuri inayohesabu siku, na majeshi ya kigeni yalipaswa kuwa yameondoka kufikia siku ya 180. Siku ya 180 ilipita, na Agosti 1999 na Juni 2000 Rwanda na Uganda, ambazo zilikuwa upande mmoja, zikapigana zenyewe kwa zenyewe ndani ya Kisangani. Ndipo likaja la Pretoria, tarehe 30 Julai 2002, kati ya Kongo na Rwanda peke yao: Rwanda iondoe askari wake ndani ya siku 90, na Kongo iwanyang'anye silaha wanamgambo wa Kihutu wa Interahamwe na waliokuwa wanajeshi wa serikali ya zamani ya Rwanda. Askari waliondoka mwaka huo huo, mbele ya waangalizi. Kunyang'anya silaha hakukukamilika hata leo.

Ndiyo maana naona mpangilio peke yake hautoshi. Kuondoka kwa jeshi ni kitu ambacho mtu anaweza kukihesabu barabarani: malori mangapi, askari wangapi. Kumnyang'anya silaha mtu aliye msituni hakuhesabiki hivyo, na serikali iliyoahidi haikuwa na uwezo wa kulifika pori lenyewe. Mkataba uliweka kwenye mizani moja ahadi inayoweza kutekelezwa na ahadi isiyoweza, na sisi tunaokaa hapa tumeishi na tofauti hiyo. Uganda nayo ilisaini Luanda, Septemba 2002. Suala la fidia Kongo ililipeleka Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague; hukumu dhidi ya Uganda ilitoka Desemba 2005 na kiasi kikapangwa Februari 2022, dola milioni 325.

Mleta uzi

Ndugu wa Bukavu, hoja yako imeongeza kitu ambacho maelezo yangu hayakuwa nacho: hatua mbili zinazobadilishana lazima ziwe za aina moja, zote zikiwa zinaonekana na zote zikiwa mikononi mwa anayeziahidi. Ukiniruhusu nitaisogeza mbele kwa mfano ambao naona ulifanywa vizuri kuliko mingi.

Novemba 1973, baada ya vita vya Oktoba kati ya Misri na Israeli, jeshi la tatu la Misri lilikuwa limezingirwa mashariki mwa Mfereji wa Suez, bila njia ya uhakika ya maji wala chakula. Israeli ilikuwa na wasiwasi kuhusu askari wake waliokuwa mateka Misri. Baraza la Usalama lilikuwa limetaka pande zote zirudi mahali zilipokuwa tarehe 22 Oktoba, na hakuna aliyeweza kukubaliana na mwenzake mahali hapo palikuwa wapi. Majenerali wawili, Aharon Yariv wa Israeli na Abdel Ghani el-Gamasy wa Misri, walikutana ndani ya hema la Umoja wa Mataifa katika kilomita ya 101 ya barabara ya kutoka Cairo kwenda Suez. Tarehe 11 Novemba walitia saini karatasi yenye nukta sita tu. Suala la mstari wa tarehe 22 Oktoba lilihamishiwa katika mazungumzo ya baadaye ya kutenganisha majeshi, yaani liliwekwa kando kwa heshima. Kisha vikafuata vitu vinavyohesabika: mji wa Suez upate chakula, maji na dawa, majeruhi raia waondolewe, mizigo isiyo ya kijeshi ipite kwenda ng'ambo ya mashariki, vizuizi vya Israeli barabarani vibadilishwe kuwa vya Umoja wa Mataifa, na mara vizuizi hivyo vikishawekwa, mateka wote wabadilishwe, wakiwemo majeruhi. Kila mmoja alikuwa ameshika kitu ambacho mwenzake anakihitaji wiki ile ile. Mateka walianza kusafirishwa ndani ya siku chache.

Mchangiaji, Nairobi

Basi 2018 unaiwekaje? Maana Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, alikubali uamuzi wa Tume bila masharti, akaenda Asmara mwezi Julai, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hapo hapakuwa na ugomvi wa nani atangulie.

Mleta uzi

Hapakuwa na ugomvi wa mpangilio kwa sababu hapakuwa na mpangilio wenyewe, mkuu. Tamko la Asmara la tarehe 9 Julai 2018 lilikuwa fupi sana: hali ya vita imekwisha, ushirikiano uanze, usafiri, biashara na mawasiliano virejee, uamuzi wa mpaka utekelezwe, na nchi zote mbili zichangie amani ya kanda. Lilikuwa na maana kubwa. Simu zilifunguka, ndege zikaruka, na watu wa ukoo mmoja wakakumbatiana baada ya miaka 20. Lakini halikusema ni jeshi lipi litoke kijiji gani na siku gani, nani ataweka nguzo, wala forodha itakuwaje. Tarehe 11 Septemba 2018 kivuko cha Zalambessa kilifunguliwa kwa shangwe, malori ya nafaka na saruji yakapita bila karatasi yoyote, na kabla ya mwaka kwisha kikafungwa tena kwa magari bila tangazo la maana. Badme yenyewe haikukabidhiwa kwa utaratibu wowote uliowekwa, na vilipozuka vita katika jimbo la Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, Novemba 2020, majeshi ya Eritrea yalivuka mpaka huo huo, safari hii yakiwa upande wa serikali ya Addis Ababa. Mkataba wa Pretoria wa tarehe 2 Novemba 2022, uliosimamisha vita hivyo, ulikuwa kati ya serikali ya Ethiopia na TPLF, chama kilichokuwa kikitawala Tigray; Eritrea haikuwa mezani na haikutia saini.

Kwa hiyo nguzo ambazo Tume iliziorodhesha kwa nukta za ramani mwaka 2007 bado hazijasimikwa ardhini.